Minyoo Inapofunga Tumbo

Leo tunazungumza na wakazi wa Ngoliba na majirani zao wote, kuanzia Kilimambogo, Magogoni na Munyu hadi mitaa ya Thika na Ruiru. Vuta kiti ukae. Kama kuna mtoto mdogo hapo nyumbani, mwite anayemlea naye asikie.

Ukitaja minyoo, watu wengi hutabasamu. Ni nani ambaye hajawahi kuwa nayo? Mtoto akiwa na tumbo kubwa na mwili mdogo, tunasema, "Hiyo ni minyoo tu," tunanunua tembe na kusahau. Mara nyingi mambo huishia hapo, tena vizuri. Lakini ziko siku ambazo minyoo huleta shida isiyoweza kutatuliwa na tembe, na kumpa mgonjwa tembe hiyo saa hiyo kunaweza hata kumwongezea hatari. Siku kama hizo si nyingi, lakini ndizo zinazoua. Hizo ndizo tunazozungumzia leo.

Tuchukue mfano. Kuna mtoto wa miaka 4 anayelelewa na nyanya yake karibu na Mto Athi. Jumatatu analalamika kwamba tumbo linamkata. Linaacha kidogo, kisha linamkata tena. Hataki uji. Jumanne asubuhi anatapika, na katika matapishi unatoka mnyoo mmoja mrefu, mweupe. Nyanya anaona sasa ugonjwa umejulikana. Anamtuma kijana kwa kemisti alete dawa ya minyoo. Jirani naye anakuja na mafuta ya mbarika ili mtoto aharishe minyoo yote itoke. Kufikia jioni tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Mtoto anatapika maji ya kijani. Tangu jana hajaenda haja kubwa wala hajatoa hewa.

Nyanya huyu hakukosa upendo. Alimjua adui, na aliijua dawa yake. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kubadilika. Utumbo wa mtoto ulikuwa umezibwa, na utumbo uliozibwa ni kazi ya hospitali.

Minyoo hii inatoka wapi?

Minyoo inayoziba utumbo mara nyingi ni ile mikubwa ya mviringo, ambayo wazee huiita mchango. Jike lililokomaa huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 35. Chukua rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30, uone mwenyewe. Unene wake unakaribia ule wa penseli. Jike moja laweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo cha mtu, na hayaonekani kwa macho.

Yai likianguka kwenye udongo wenye unyevu na joto, hukomaa kwa muda wa wiki chache. Halafu linangoja. Laweza kungoja miaka. Mtoto anayecheza chini anaweka kidole mdomoni. Mkulima anakula bila kunawa. Mama anakata kachumbari ya nyanya zilizosafishwa haraka haraka. Yai limemezwa.

Tumboni yai huanguliwa. Kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kusafiri hadi mapafu. Hapo mtoto anaweza kukohoa kwa siku kadhaa, nasi tukadhani ni homa ya kawaida. Kutoka kwenye mapafu kiluwiluwi hupanda kooni, humezwa tena, na mara hii hukaa utumboni na kukua. Miezi 2 hadi 3 baada ya yai kumezwa, mnyoo umekomaa na unataga mayai yake. Utaishi humo mwaka 1 hadi 2.

Sisi wa Ngoliba tuna sababu zetu za kuwa waangalifu. Wengi wetu tunalima kwa maji ya mto. Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, nao Mto Nairobi hupita mitaani kukiwa na taka na maji ya vyoo. Maji kama hayo yakinyunyiziwa mboga zinazoliwa mbichi, yanaweza kuleta mayai ya minyoo hadi kwenye sahani. Isitoshe, vibarua wengi hushinda shambani mahali ambapo choo kiko mbali au hakipo kabisa, na mtu hujisaidia nyuma ya kichaka. Mvua ikinyesha, kila kitu husambaa.

Utumbo unazibwaje?

Mnyoo mmoja au miwili huweza kukaa tumboni bila mtu kujua. Shida huanza ikiwa mingi. Utumbo wa mtoto ni mwembamba. Minyoo kadhaa ikijisokota pamoja, huwa kama fundo la kamba, na fundo hilo mara nyingi hukwama karibu na mahali ambapo utumbo mdogo unaungana na utumbo mkubwa. Chakula hakipiti. Hewa haipiti. Nyuma ya fundo utumbo unajaa na kuvimba, na mtoto anatapika kwa sababu vitu havina njia nyingine ya kutokea. Watoto wa umri wa miaka 2 hadi 10 ndio wanaopatwa zaidi.

Je, minyoo yaweza kuwa mingi kiasi gani? Idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, yaani CDC, ina picha inayojulikana ulimwenguni ya fungu la minyoo ya aina hii. Minyoo hiyo ilitolewa na mtoto mmoja wa hapa Kenya. Na mwaka 1986 ilichapishwa taarifa ya mtoto wa kike wa miaka 2 huko Afrika Kusini aliyefariki akiwa na minyoo 796. Utumbo wake ulikuwa umejipinda kwa uzito huo, damu ikakosa kupita, na sehemu ya utumbo ikafa.

Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Utumbo uliozibwa kwa muda mrefu unaweza kujipinda, kuoza au kutoboka. Ukitoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa anaweza kufa kwa siku chache asipofanyiwa upasuaji.

Kwa nini usimpe dawa ya minyoo saa hiyo?

Hili ndilo jambo tunalokuomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

Dawa ya minyoo ni nzuri. Albendazoli na mebendazoli zimesaidia mamilioni ya watoto. Lakini dawa hufanya kazi kwa kuudhoofisha au kuulemaza mnyoo, kisha utumbo wenyewe huusukuma nje pamoja na choo. Utumbo ukiwa umezibwa hauna pa kuusukumia. Minyoo iliyolegea kwa pamoja inaweza kulala palepale na kufanya fundo liwe zito zaidi. Ndiyo sababu madaktari wengi hungoja kwanza njia ifunguke, ndipo watoe dawa.

Mafuta ya mbarika na dawa nyingine za kuharisha ni hatari vilevile. Hulazimisha utumbo kusukuma kwa nguvu dhidi ya kitu kilichokwama, na utumbo dhaifu unaweza kupasuka. Usimkande mtoto tumbo. Usimwekee maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa. Usimpe chakula wala maziwa kwa kudhani anatapika kwa sababu ya njaa. Mfunike vizuri, umbebe, mwende.

Tunajua ya kwamba si rahisi kutoka Ngoliba usiku. Kituo cha afya kilicho karibu ndicho pa kuanzia, kwa sababu mhudumu wa hapo anaweza kumwekea mtoto maji ya mshipa na kuandika barua ya rufaa. Kama umeambiwa uende Thika, usingoje kupambazuke. Hospitali ya Thika Level 5 ina wataalamu wa upasuaji. Zungumza mapema na jirani mwenye gari au kijana wa boda boda unayemwamini, mpatane kabla ya siku ya shida. Kijiji kilichokwisha kupatana hivyo hakipotezi saa nzima kikitafuta namba ya simu.

Ukifika hospitalini, sema mambo haya bila kuulizwa: maumivu yalianza siku gani, mtoto alienda haja kubwa mara ya mwisho lini, kama ametapika au ametoa mnyoo wowote, na ni dawa gani umempa. Kama ulimpa dawa ya minyoo au ya kienyeji, usione haya kusema. Daktari hataki kukukemea. Anataka kujua. Beba na pakiti ya dawa kama bado iko.

Hospitalini watafanya nini?

Watu wengine huchelewa kwa kuogopa kisu. Ni vizuri ujue ya kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hupona bila upasuaji, hasa wakiletwa mapema.

Daktari atalibonyeza tumbo polepole. Wakati mwingine fungu la minyoo husikika chini ya mkono. Atapiga picha ya eksirei, au atatumia altrasaundi, ile mashine ambayo hutumiwa kuwaangalia akina mama wajawazito, na humo minyoo huweza kuonekana ikijinyonganyonga. Mtoto hatapewa chochote kwa mdomo. Atawekewa mpira mwembamba puani hadi tumboni ili kutoa hewa na maji yaliyojaa, na atapewa maji ya mshipa kwa sababu amepoteza maji na chumvi kwa kutapika. Wauguzi watamwangalia mara kwa mara. Mara nyingi baada ya siku moja, mbili au tatu fundo hulegea, mtoto hutoa hewa, halafu choo. Hapo sasa ndipo atapewa dawa ya minyoo.

Kama fundo halikulegea, au kama tumbo ni gumu, kuna homa, au choo kina damu, upasuaji hauwezi kuahirishwa. Daktari huisukuma minyoo kwa vidole kuelekea utumbo mkubwa, au hufungua utumbo kidogo na kuitoa. Sehemu iliyooza hukatwa na ncha zilizobaki hushonwa pamoja. Kila saa inayopotea nyumbani huongeza uwezekano wa kukatwa sehemu ya utumbo.

Minyoo inapotanga

Mnyoo mkubwa wa mviringo una tabia nyingine mbaya: hupenda kuingia katika matundu. Mtu akipata homa kali au akisumbuliwa tumbo, mnyoo unaweza kutoka mahali pake na kutanga. Wengine wamewahi kuona mnyoo ukitoka mdomoni au puani. Inaogofya kuona, lakini yenye hatari zaidi ni ile njia isiyoonekana.

Kutoka kwenye ini kuna mfereji mwembamba unaoleta nyongo katika utumbo mdogo. Mnyoo ukipenya humo, mgonjwa hushikwa na maumivu makali ghafla, juu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu. Anaweza kutapika na kupata homa ya kutetemeka, na macho yake yanaweza kuwa ya manjano. Mfereji wa kongosho nao hufunguka karibu na hapo, na mnyoo ukiuziba, kongosho huvimba na maumivu hupenya hadi mgongoni. Shida hii huwapata watu wazima pia, hasa wanawake. Huko Kashmir, India, daktari Khuroo na wenzake walitoa taarifa mwaka 1990 kuhusu wagonjwa 500 ambao minyoo iliwaingia katika njia za nyongo na kongosho. Wengi wa wagonjwa wa namna hii hupona kwa dawa na matunzo ya hospitali, na mnyoo hutoka wenyewe. Wachache huhitaji kutolewa kwa mashine maalumu inayopitishwa mdomoni, au kufanyiwa upasuaji.

Mnyoo pia huweza kuingia katika kidole tumbo na kuleta maumivu yale yale ya ugonjwa wa kidole tumbo: huanzia kitovuni kisha huhamia chini upande wa kulia. Kwa hiyo mtu akiwa na maumivu ya namna hiyo, usiseme, "Ana minyoo, yatapita."

Minyoo midogo, shida kubwa

Kuna minyoo mingine isiyoziba utumbo lakini hulidhuru tumbo kwa njia yake.

Wa kwanza ni mnyoo wa mjeledi, unaoitwa hivyo kwa kuwa umbo lake ni kama mjeledi: upande mmoja mwembamba, mwingine mnene. Una urefu wa sentimita 3 hadi 5. Huchomeka upande wake mwembamba katika ukuta wa utumbo mkubwa. Mtoto mwenye minyoo mingi ya aina hii huharisha kamasi na damu kwa miezi, na hujikamua sana chooni. Mwishowe kipande cha utumbo chekundu huweza kutokeza nje ya njia ya haja kubwa. Mama akiona hivyo hushtuka, na wengine hudhani mtoto amefanyiwa uovu au amerogwa. Kipande hicho kifunike kwa kitambaa safi chenye maji, usikikate, usikipake majani, umpeleke mtoto hospitalini. Ujue pia ya kwamba dozi moja ya dawa huondoa minyoo ya mviringo vizuri, lakini ya mjeledi mara nyingi hubaki. Daktari anaweza kutoa dawa kwa siku tatu mfululizo.

Wa pili ni mnyoo wa safura. Una urefu wa kama sentimita 1 tu, lakini una meno au makali ya kung'ata, nao hunywa damu. Huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Mmoja hunywa damu kidogo sana, lakini mamia hunywa kila siku. Mgonjwa huchoka, hupauka viganja na midomo, moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo. Mwenye minyoo mingi huweza kupata choo cheusi kama lami, nayo ni damu iliyosagwa tumboni. Mama mjamzito mwenye safura yuko katika hatari kubwa, kwani anaweza kuingia katika uzazi bila damu ya kutosha. Mwambie muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Dawa ya minyoo huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Wa tatu ni mnyoo wa kichocho cha tumbo. Huu hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Huingia kwa ngozi mtu anapooga, kufua au kuvuka katika maji yaliyotulia yenye konokono. Upande wa pili wa Mto Athi, katika Machakos, watafiti waliuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, hasa miaka ya 1980, na katika mashamba ya mpunga ya Mwea unajulikana sana. Mayai ya mnyoo huu hubebwa na damu hadi kwenye ini na kuacha makovu. Miaka ikipita, damu hukosa njia rahisi ndani ya ini, bandama huvimba, na mishipa ya umio hujaa hadi kupasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi ghafla, hata kama hajawahi kunywa pombe maishani mwake. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Albendazoli haikitibu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kata ukurasa huu ukipenda, uubandike ukutani. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukiona moja kati ya haya:

- Tumbo limevimba na linauma, na mgonjwa hapati choo wala hatoi hewa.
- Anatapika mara kwa mara, hasa matapishi ya kijani, au matapishi yenye mnyoo pamoja na maumivu.
- Tumbo limekuwa gumu, au mtoto hataki liguswe.
- Kuna donge linalosikika tumboni.
- Macho yamekuwa ya manjano, kukiwa na maumivu chini ya mbavu.
- Kuna damu katika choo, choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu.
- Utumbo umetokeza nje ya njia ya haja kubwa.
- Mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu amenyamaza ghafla, amelegea na mwili ni baridi. Kunyamaza huko si nafuu.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

Je, sukari na peremende huleta minyoo? La. Minyoo hutoka kwa yai au kiluwiluwi. Peremende iliyookotwa chini inaweza kuwa na yai, lakini sukari yenyewe haina mnyoo.

Mtoto wangu husaga meno usiku. Ana minyoo? Huwezi kujua kwa meno. Kipimo cha choo katika maabara ndicho kinachoonyesha.

Nimemeza dawa na sikuona mnyoo wowote. Dawa haikufanya kazi? Si lazima uione. Mingi huvunjika ndani ya utumbo, na mingine ni midogo mno.

Basi niache kununua dawa ya minyoo? La hasha. Mpe mtoto dawa akiwa mzima, ili minyoo isipate nafasi ya kuwa mingi. Watoto wa kuanzia mwaka 1 hadi 5 hupewa dawa kila baada ya miezi 6, na wenye mwaka mmoja hupewa kipimo cha nusu cha albendazoli. Uliza katika kliniki ya watoto. Unalopaswa kuacha ni kumpa mtoto ambaye tumbo lake limekwisha kufunga.

Alipewa dawa shuleni. Hiyo inatosha? Mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni ulianza Kenya mwaka 2009, na mwaka huo watoto milioni 3.6 walipewa dawa. Kuanzia mwaka 2012 ulirudi kwa nguvu katika maeneo yaliyoathirika zaidi. Uchunguzi ulioongozwa na KEMRI katika maeneo hayo ulionyesha kwamba minyoo ilipungua kutoka asilimia 32.3 ya watoto mwaka 2012 hadi asilimia 12.9 mwaka 2017. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini si kila eneo lilikuwa katika mpango huo, na mtoto asiyekuwa shuleni siku hiyo hakupata. Muulize mwalimu. Na kumbuka ya kwamba dawa humtoa mnyoo wa leo. Haimzuii wa kesho.

Tuanzie wapi?

Tuanzie chooni. Kila boma liwe na choo cha shimo chenye kifuniko, mbali na kisima na mto. Mwenye shamba anayeajiri vibarua achimbe choo shambani. Hicho ni haki yao, na ni usalama wa wale watakaokula mboga zake. Choo cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, kwa maana choo cha mtoto kina mayai kama cha mtu mzima.

Kisha mikono. Weka kibuyu chirizi karibu na mlango wa choo: mtungi mdogo wa plastiki uliotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyofungwa pembeni. Hugharimu karibu na bure. Nawa baada ya choo, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto.

Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yasuguliwe kwa maji safi mengi, na kama yametoka kwenye shamba linalomwagiliwa maji ya mto, ni afadhali yamenywe au yapikwe. Watoto wavae viatu, na mkulima avae buti za mpira. Usitumie choo cha binadamu kibichi kama mbolea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni choo kisichochimbwa na mikono isiyonawishwa. Lakini kama ufa umekwisha kuwa mkubwa, na leo jioni unamwona mtoto tumbo limejaa, anatapika na hapati choo, usirudi dukani. Ile tembe iweke kando. Mfunge mgongoni, uende.

Mwambie jirani mmoja yale uliyojifunza leo.